Gilbert Walker: alitafuta mvua ya India, akaacha ufunguo wa vuli yetu

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Nataka tumzungumzie mzee mmoja wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1958, miaka mitatu kabla Tanganyika haijapata uhuru. Kazi yake kubwa aliifanyia India, si huku kwetu. Lakini kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa utabiri wa vuli na kusema kanda ya ziwa tutegemee mvua juu ya wastani au chini ya wastani, ndani ya maneno yale kuna mkono wake. Jina lake Gilbert Walker.

Kwanini yeye, na kwanini leo? Kwa sababu hapa Mwanza vuli ikikaribia maneno huwa ni yale yale. Panda daladala ya kwenda Buhongwa au nenda Mwaloni pale Kirumba, utasikia watu wakisema jamaa wa hali ya hewa ni waongo, walisema mvua mbona jua linawaka, walisema ukame mbona tunaogelea. Na utabiri ukitaja joto la bahari ndiyo balaa kabisa. Bahari ipi tena? Sisi tuna ziwa!

Swali hilo si la kijinga hata kidogo. Kutoka Mwanza hadi ufukwe wa bahari ulio karibu ni zaidi ya kilomita 700 kwa mstari ulionyooka. Na bahari inayotajwa mara nyingi si hata hii ya Tanga na Dar. Ni maji ya jirani na kisiwa cha Sumatra kule Indonesia, au ya Pasifiki karibu na Peru. Sasa maji ya Peru yana uhusiano gani na mahindi ya Magu?

Yanao. Na aliyeanza kuufungua mlango huo ni huyo Walker, ingawa alikufa bila kuona kilichokuwa chumbani.

Kwa mtu wa kanda ya ziwa hii si hadithi ya kupotezea muda. Mkulima wa pamba anatakiwa mbegu ziwe ardhini kati ya Novemba na Desemba. Akipanda mvua ikakata, ameumia. Mama anayeanika dagaa mchangani anahitaji jua, basi. Mvua ikimkuta amezitandaza, mtaji umekwenda na maji. Shangazi yangu ni mmoja wao, na huwa anaangalia mawingu ya upande wa ziwani kama wewe unavyoangalia dakika zako zikiisha hapo kafe.

Wazee wa Kisukuma walilijua hilo zamani. Ntemi alihesabiwa kuwa mwenye dhamana ya mvua, na ukame ukizidi aliweza kung'olewa kwenye kiti. Shika hapo, maana ofisi ambayo Walker alikwenda kuirithi huko India ilikuwa haina tofauti kubwa na kiti cha ntemi.

KIJANA WA KIJITI KINACHORUDI

Walker alizaliwa Juni 14, 1868, mji wa Rochdale, Uingereza. Baba yake alikuwa mhandisi. Shuleni mtoto alikuwa hatari kwenye hesabu, na alipofika Chuo Kikuu cha Cambridge akatoka wa kwanza kwenye mtihani mkuu wa hesabu wa mwaka 1889. Kule, kutoka wa kwanza kwenye mtihani ule ilikuwa sifa ya maisha.

Halafu mwili ukagoma. Mwaka uliofuata afya ilivunjika, ikabidi majira ya baridi kadhaa akayapitishie Uswisi kujiuguza. Huko hakukaa tu kitandani. Alijifunza kuteleza kwenye barafu mpaka akawa fundi.

Alikuwa na mambo yake bwana. Kuna kile kijiti kilichopinda cha wenyeji wa Australia, bumerangi, unakirusha kinazunguka angani kinakurudia. Walker alikuwa akivirusha viwanjani Cambridge mpaka wenzake wakampa jina la utani la hicho kijiti. Lakini yeye hakuishia kwenye mchezo. Alikaa akapiga hesabu za kwanini kinarudi, na mwaka 1897 akachapisha kazi ya kisayansi juu yake. Baadaye alishughulika pia na filimbi, akitafuta namna ya kuiboresha, na alipofika India alipenda kuwatazama ndege wakubwa wanavyopaa bila kupiga mbawa.

Angalia sasa. Kijiti, filimbi, ndege: vyote ni hewa inayotembea. Lakini hali ya hewa yenyewe hakuisomea. Alikuwa mtu wa hesabu tupu. Hata hivyo mwaka 1904 alikabidhiwa ofisi ya hali ya hewa ya India nzima, akiwa na umri wa miaka 35.

KITI CHA MOTO

Ili uelewe uzito wa kiti kile, lazima uelewe monsuni. Ule upepo wetu wa kusi, unaopita Zanzibar kuanzia kama Aprili na ambao wenye majahazi wameutumia karne na karne, hauishii Lamu. Unavuka ikweta, unapita jirani na Somalia kwa kasi kubwa, unakunja kulia kuvuka Bahari ya Arabu, na unaingia India umebeba maji. Mvua inayonyesha India Juni hadi Septemba ndiyo inayolisha nchi. Ikifeli, watu wanakufa.

Na walikufa kweli. Njaa ya 1876 hadi 1878 iliua mamilioni. Idara ya hali ya hewa ya India ilikuwa imeanzishwa 1875, na baada ya janga lile serikali ya kikoloni ikaitaka itabiri monsuni. Mkuu wa kwanza, Henry Blanford, alitumia theluji ya milima ya Himalaya: ikiwa nyingi, mvua itakuwa haba. Ilifanya kazi kwa muda. Aliyefuata, John Eliot, akaongeza alama nyingine nyingi. Lakini ukame mkubwa wa 1899 utabiri haukuuona, na njaa ikarudi. Hapo Wahindi na magazeti yao wakawa na maneno kama yale yale ya kwenye daladala ya Buhongwa.

Hicho ndicho kiti alichokalia Walker. Ntemi mpya, bila dawa.

ZANZIBAR KWENYE HESABU

Walker alijiambia hivi: sielewi hewa inavyofanya kazi, na hakuna anayeelewa. Basi nitaacha namba ziongee.

Alikusanya kumbukumbu za vituo vya dunia nzima: mgandamizo wa hewa, mvua, joto, kina cha mito. Kisha akawakalisha makarani wa Kihindi, kundi zima, wakalinganisha safu moja ya namba na nyingine kwa mkono, hakuna kompyuta. Mgandamizo wa hewa wa Amerika Kusini ukipanda, mvua ya India inafanyaje? Hewa ikiwa nzito Mauritius mwezi Mei, je? Mto Nile, unaotoka ziwani kwetu pale Jinja, nao ulikuwamo kwenye meza yake, ingawa mafuriko yake ya kila mwaka hutoka zaidi milima ya Ethiopia.

Sasa sikilizeni hii, hasa mliotoka visiwani. Kanuni yake ya kwanza ya kutabiri monsuni, aliyoanza kuitumia karibu na mwaka 1909, ilikuwa na viungo vinne tu. Theluji ya Himalaya. Mgandamizo wa hewa wa Amerika Kusini. Mgandamizo wa hewa wa Mauritius. Na cha nne: mvua ya Zanzibar ya Aprili na Mei!

Ndiyo. Masika ya Unguja iliingizwa kwenye hesabu ya chakula cha Wahindi. Masika ikiwa kubwa kule, ilihesabiwa kuwa dalili mbaya kwa India. Maana yake ni kwamba kila asubuhi kulikuwa na mtu Zanzibar anatoka na kipimo chake cha mvua, anasoma, anaandika kwenye daftari, wala huenda hakujua namba yake inakwenda wapi. Bila daftari lile, Walker hana kitu.

Jambo jingine lililonifanya nimheshimu: jamaa alijua namba zinaweza kudanganya. Si mnawafahamu wale wa mikeka? Mtu anatengeneza mikeka mia, tisini na tisa inachanika, halafu anakuonyesha ule mmoja uliotiki, anakwambia mimi mtaalamu, nitumie elfu tano. Walker aliona kwamba hata mwanasayansi anaweza kufanya hivyo bila kujua. Ukilinganisha vitu mia, lazima vichache vitafanana kwa bahati tu. Mwaka 1914 alichapisha njia ya kupima hilo: kadiri ulivyojaribu mara nyingi, ndivyo unavyotakiwa kudai ushahidi mkubwa zaidi kabla hujaamini. Miaka zaidi ya mia imepita na watu bado wanadanganyika kwa mtego ule ule.

BEMBEA

Monsuni yenyewe haikumnyenyekea. Kanuni ilifanya kazi miaka mingine, mingine ikagoma. Mwaka 1918 mvua ilifeli vibaya sana India. Alikuja kuigawa nchi vipande, kwa sababu aliona mvua ya kaskazini mashariki haifuati alama zinazofuatwa na sehemu nyingine.

Lakini katika kuchambua lile rundo la namba aliona kitu ambacho hakuna aliyemtuma. Hewa ikiwa nzito upande wa Pasifiki, kwa mfano Samoa na Amerika Kusini, inakuwa nyepesi upande wa Bahari ya Hindi, kuanzia Australia ya kaskazini hadi Mauritius. Baada ya muda mambo yanageuka. Upande huu unapanda, ule unashuka. Kama watoto wawili kwenye ubao wa kubembea, ila ubao wenyewe ni nusu ya dunia.

Mwaka 1924 akakipa jina: Bembea ya Kusini. Aliona nyingine mbili ndogo huko kaskazini, ya Atlantiki na ya Pasifiki. Mwaka huo huo akaondoka India, akapewa cheo cha Sir, akaenda kufundisha Imperial College mjini London mpaka 1934. Aliendelea kutoa makala juu ya bembea zake hadi 1937.

Na wengi hawakumsadiki. Hoja yao ilikuwa ya haki kwa kweli: hii ni orodha ya namba zinazofanana, sababu yake iko wapi? Ni nini kinachosukuma ubao? Walker hakuwa na jibu, na alikubali kwamba hana. Alifariki Novemba 4, 1958, akiwa na miaka 90. Wasifu uliotoka kwenye jarida la wanasayansi wenzake mwaka 1959 ulisema kwa upole kwamba yale matumaini yake ya kupata chanzo cha nadharia ya hali ya hewa ya dunia yalikuwa hayaelekei kutimia.

Walimzika na bembea yake. Kumbe!

KILICHOKUWA KIMEKOSEKANA NI BAHARI

Mwaka ule ule anaokufa, 1958, dunia ilikuwa katikati ya mradi mkubwa wa kupima bahari, anga na ardhi kwa pamoja, mradi ulioanza 1957. Kwa bahati, ndiyo miaka ambayo El Niño ilitokea, yaani maji ya Pasifiki karibu na Peru kupata joto kupita kawaida. Kwa mara ya kwanza namba za joto la bahari zilipatikana kwa wingi, pamoja na za upepo na mvua.

Mnorwe mmoja aliyehamia Marekani, Jacob Bjerknes, akazikalia namba zile miaka. Mwaka 1969 akatoa jibu. Kinachosukuma ubao wa Walker ni joto la uso wa bahari. Na ubao nao unausukuma upepo, upepo unayasukuma maji, maji yanabadili joto. Wanasukumana. Bjerknes, muungwana, ule mzunguko wa hewa juu ya ikweta akauita kwa jina la Walker. Marehemu alikuwa na miaka kumi na moja kaburini.

Jinsi inavyofanya kazi si ngumu. Chukua sufuria ya maji jikoni. Mvuke unapanda pale moto ulipo. Bahari ya tropiki nayo ikifika kama nyuzijoto 28 hivi, hewa iliyo juu yake inapata joto na unyevu mwingi, inakuwa nyepesi, inapanda. Ikipanda inapoa, mvuke unageuka matone, na matone yanapotengenezwa yanatoa joto lingine linaloisukuma hewa juu zaidi. Ndiyo yale mawingu marefu meusi ya radi. Lakini hewa iliyopanda lazima ishuke mahali. Inaposhuka inakausha, mawingu yanakufa. Kwa hiyo mvua ya mmoja ni ukame wa mwingine, na moto ukihama chini ya sufuria, mvua nayo inahama.

Kawaida wakati wa vuli yetu, Oktoba hadi Desemba, moto mkubwa uko Indonesia. Hewa inapanda kule, na sehemu yake inashukia upande wetu. Ndiyo maana vuli yetu kwa kawaida si kubwa kama ilivyoweza kuwa kwa watu tunaokaa karibu na ikweta. Lakini kuna miaka ambayo maji ya Sumatra yanapoa na maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi, upande wetu, yanapata joto. Tofauti ni nyuzijoto moja au mbili tu. Upepo juu ya ikweta unageuka, unasukuma unyevu kuja Afrika Mashariki, hewa inaanza kupanda juu yetu, na hapo mawingu yanakaa.

Na ziwa? Ziwa linakuza kila kitu. Usiku nchi kavu inapoa haraka, maji yanabaki na joto, upepo unatoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, unakutana, unapanda. Ndiyo radi zile zinazowakuta wavuvi usiku wa manane. Kwa hiyo kila siku ziwa lina mvua yake lenyewe. Bahari inachoamua ni kama msimu mzima utaipa mvua hiyo nguvu au utaikandamiza. Na kwa kuwa takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja, bahari ikibembea, ziwa linapanda au linashuka.

WAZEE WANAKUMBUKA

Waulizeni wazee wa vuli ya 1961. Uhuru ulikuja Desemba 9 na mvua ilikuwa haijawahi kuonekana. Ziwa likaanza kupanda, na hadi Mei 1964 lilikuwa limepanda karibu mita 2.5. Cha ajabu, 1961 haukuwa mwaka wa El Niño. Wanasayansi walikaa na fumbo hilo mpaka 1999, pale watafiti waliofanya kazi Japani, Saji na Yamagata na wenzao, walipoonyesha kwamba Bahari ya Hindi ina bembea yake yenyewe. Wakaiita dipoli, yaani yenye ncha mbili. Mara nyingine inakwenda pamoja na El Niño, mara nyingine inajiendea yenyewe.

Vuli ya 1997 zilikutana zote mbili, na zote kubwa. Barabara na reli zilikatika, madaraja yakaenda na maji, na neno Elinino likaingia kwenye Kiswahili cha mtaani kumaanisha kitu chochote kikubwa kupita kiasi.

Mwishoni mwa 2005 ubao ukalala upande wa pili. Maji ya upande wetu yakapoa, vuli ikafeli, na 2006 tukala mgao wa umeme ambao walioupitia hawajausahau. Ziwa nalo likashuka sana, ingawa hapo mvua haikuwa peke yake. Maji mengi yalikuwa pia yakiachiwa kwenye mabwawa ya Jinja.

Vuli ya 2019 dipoli ilikuwa kubwa mno, moja ya kubwa zaidi kuwahi kupimwa. Mei 2020 ziwa lilikuwa limefikia rekodi ile ya 1964. Maji yaliingia majumbani na mialoni kuzunguka ziwa lote. Kule Jinja, Aprili 2020, kisiwa cha magugu kilichong'oka na mafuriko kilikwenda kuziba bwawa, na umeme ukakatika nchi nzima ya Uganda.

Sasa njoo 2015. El Niño ilikuwa kubwa, tahadhari zikatolewa, watu wakajiandaa kwa 1997 nyingine. Haikuja hivyo. Mvua ilikuwepo, lakini si ile. Dipoli ya mwaka ule ilikuwa dhaifu. Vijiweni watu wakasema si tuliwaambia, waongo hao.

WAONGO AU SISI HATUSIKILIZI?

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Bahari haituamulii mvua. Inapakia karata. Mtu akipakia karata, mwenye bahati anaweza bado akapoteza, ila ukicheza mara nyingi utaona nani anashinda. Utabiri wa msimu ni hivyo: unasema mwaka huu uwezekano umeelemea upande huu. Haukuambii Jumanne ya Novemba 12 itanyesha Misungwi. Kwa hilo subiri utabiri wa siku chache.

Na uwezekano huo haulingani misimu yote. Vuli ndiyo inayofuata zaidi bahari, kwa hiyo ndiyo inayotabirika vizuri. Masika ina ukaidi wake. Mkulima anayejua tofauti hii anaweza kufanya kitu. Vuli ikielemea upande wa ukame, anapanda mtama au mihogo sehemu ya shamba, hapeleki mahindi yote. Ikielemea upande wa mvua nyingi, shangazi anatafuta vichanja vya kuanikia mapema, na wenye vibanda ufukweni wanahamisha vitu kabla maji hayajabisha hodi. Mwaka mmoja utabiri utakuangusha. Katika miaka kumi utakuwa mbele ya jirani anayesema waongo tu.

Walker aliishi na jambo hili miaka ishirini. Alifeli hadharani, mbele ya watu wenye njaa, na hakutunga uongo wa kujifanya anajua. Alisema kiasi anachojua na akaishia hapo. Ntemi wa namna hiyo ni adimu, hata leo.

Najua kuna mdau atauliza, kwanini tumsifie mtumishi wa mkoloni? Haki yako kuuliza. Serikali aliyoitumikia iliwaacha watu wafe njaa huku nafaka zikisafirishwa nje, na kukosea utabiri ilikuwa sehemu ndogo tu ya dhambi hiyo. Na majasho mengi ya zile hesabu yalikuwa ya makarani wa Kihindi, sifa zikaenda kwa Sir. Mimi simsafishii mtu. Nasema elimu yenyewe ilijengwa kwa madaftari ya watu wengi, Zanzibar ikiwemo, na kwa hiyo ni yetu pia. Tukiikataa kwa sababu ya aliyeiandika jina, tunajinyima wenyewe.

Kwenye hayo madaftari ndiko ninapowaachia. Walker alivumbua ubao wa bembea bila satelaiti, bila kompyuta, bila kujua bahari ina mchango gani. Alichokuwa nacho ni namba ambazo mtu fulani, mahali fulani, aliziandika kila siku bila kuruka. Kama kwenu kuna mzee aliyekuwa akiandika tarehe za mvua kwenye daftari la shamba, au mwalimu aliyesimamia kipimo cha mvua shuleni, au baba mvuvi anayekumbuka maji yalifika jiwe gani mwaka gani, muulize kabla hajaondoka nayo. Andika mwaka, andika mahali. Halafu tuwekee hapo chini kwenye maoni: Sengerema, Ukerewe, Magu, Musoma, Bukoba, vuli ya 1961 au ya 1997 au ya 2019 ilikuwaje kwenu?